Mheshimiwa Waziri wa Elimu Lamu, ile mashua ya katoni niliitengeneza mimi

Salaam aleikum Mheshimiwa Waziri wa Elimu wa kaunti yetu. Mimi ni mzazi tu wa hapa mtaa wa Langoni, sina cheo wala sina chama, nakuandikia hapa wazi ili na wazazi wenzangu wasome na waongeze la kwao.

Kwanza nitubu. Muhula uliopita mwanangu wa Gredi 8 aliambiwa alete projekti ya chombo cha baharini. Basi mimi nikatafuta katoni ya biskuti, nikakata, nikabandika na supagluu, tanga nikalitoa kwenye leso kuukuu, nimekaa mpaka saa sita usiku na yeye keshalala zamani. Akaipeleka akapewa EE, ile alama ya juu kabisa. Mheshimiwa, hiyo EE ni yangu! Kazi aliyofanya mtoto ni kuibeba mpaka shule akiikinga na upepo. Iliporudi nyumbani mdogo wake akaitia kwenye beseni, haikumaliza dakika mbili ishalowa ishalala ubavu, tukacheka sote lakini mimi roho iliniuma.

Iliniuma manake ami yake ni fundi wa vyombo pale Matondoni, kisiwa hichihichi, hata bahari huna haja ya kuvuka. Mtoto wa Lamu, ami yake aunda mashua, naye shuleni apeleka katoni ya biskuti.

Likizo ilipofika nikampeleka akakae huko wiki mbili. Siku ya kwanza hakushikishwa kitu, kazi yake ilikuwa kuokota vibanzi na kuchemsha chai. Ya tatu ndio akapewa keekee, ile ya kutobolea ya upinde na kamba, mbao ya kwanza akaipasua. Nilidhani atafukuzwa. Ami yake alimpa kipande kingine akamwambia sikiza sauti yake, ikianza kulia vibaya legeza mkono. Halafu akaona kila msumari kabla haujapigwa wazungushiwa pamba iliyochovywa mafuta hapo chini ya kichwa, akauliza, "Ami, kwani msumari wahisi baridi mpaka uvikwe nguo?" Wazee wote pale pwani walikufa kwa kicheko. Ndio akaelezwa, pamba ikinywa maji hufura, ikifura tundu laziba, na ndio maana hata baina ya mbao na mbao hutiwa pamba ya kalafati. Hiyo si sayansi hiyo? Na mataruma je, yeye alikuwa akichagua miti iliyonyooka akiona ndiyo mizuri, ami yake akawa aitupa kando achukua ile iliyopinda yenyewe, manake mbavu za chombo zataka mti ambao tangu uko msituni umekulia na kombo lake. Hakuna karatasi wala ramani, ni shubiri, kamba na jicho, na kushoto na kulia zaja sawa.

Alirudi na malengelenge mikononi akiyaonyesha mtaa mzima kama medali. Na haya yote ninayokuandikia kanieleza yeye, mtoto ambaye ukimuuliza shule mumesoma nini leo akujibu "hakuna."

Sasa nikaenda kumuona mwalimu, nikamwambia huyo mzee aje hata siku moja kwa muhula, kwenye hilo somo lao la ufundi, Pre-Technical. Mwalimu alifurahi kweli, simlaumu, ila huko juu yake ndiko ilikokwama, ati fundi hana cheti hawezi kusimama mbele ya darasa. Mtu mashua zake zaenda mpaka Kiunga, kule karibu na mpaka wa Somalia, na kurudi, hana cheti. Mimi wa supagluu nina EE.

Najua utakalonijibu. Utasema Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limewapa kaunti chekechea na polytechnic za vijiji, kwamba junior, yaani Gredi 7 mpaka 9, iko chini ya serikali kuu na walimu ni wa TSC, ile tume ya walimu. Sawa, sibishani na katiba. Lakini polytechnic ni zako, na ndizo zenye karakana, meza za useremala, mashine za umeme, na nyingi Jumamosi zimefungwa kufuli. Junior nyingi nazo hazina hata nyundo, kitabu chasema mwanafunzi atambue vifaa vya kupimia na kukatia, mwalimu achora msumeno ubaoni. Kuna haja gani ya kuchora msumeno Lamu?

Na wakati hautungoji. Watoto waliokuwa Gredi 3 mwaka 2019, Januari ya 2026 wameingia Gredi 10, wamechagua njia zao, na kwenye masomo ya senior school mumewekwa mpaka teknolojia ya bahari na uvuvi. Sasa hilo somo kama hatulibebi sisi alibebe nani, Nairobi? Huku mafundi wenyewe wapungua, watu wanataka boti za faiba, ami yake mwaka huu hana mwanafunzi hata mmoja ukimtoa huyu wangu wa wiki mbili.

Wala si vyombo peke yake. Zaidi ya nusu ya mikoko ya Kenya nzima iko kaunti hii, na mtoto aichora mizizi yake akiitoa kitabuni! Kina mama Matondoni wasuka mikeka, watu washona kofia za vito kwa kuhesabu, ukikosea hesabu ua laenda upande, mimi hesabu zangu zote nilizipata kwenye kofia, za shule zilinishinda. Na wachonga milango je. Haya nayapita tu manake kila mtu ayajua.

Ninachotaka si jengo jipya, nakuomba Mheshimiwa usituletee jengo jipya likakatwa utepe. Chukua hao mafundi uwalipe kwa siku kutoka fungu la polytechnic, wafundishe kwenye karakana zako Jumamosi, na junior za karibu ziruhusiwe kuja. Hapo swala la cheti halipo, darasa ni lako na mwalimu wa shule akae pembeni akiandika maksi zake. Nao wazee wasaidiwe nauli na ada wakafanye trade test, mtihani wa ufundi wa NITA, ile mamlaka ya mafunzo ya viwanda, ifanywe kwa vitendo na kwa Kiswahili, wengine wetu kalamu ni nzito kuliko tezo la kuchongea mbao. Na hao wa serikali kuu ni majirani zenu, vukeni njia mukazungumze.

Mwisho, ami yake mwezi ujao alaza mkuku, ule mti wa chini kabisa, wa mashua mpya, kaniambia kama utakuja akutilie mkeka. Njoo asubuhi maji yakiwa yamejaa upate kushukia karibu, na viatu vya ngozi usivae, pale pwani ni matope matupu. Mwanangu atakuwepo, kashaahidiwa keekee.