Barua kwa Mwanangu: Largo Iliyokutoa Machozi

Chumbageni, Tanga

Mwanangu mpenzi,

Marahaba, baba. Ujumbe wako nimeusomea barazani baada ya mazoezi ya kwaya, na sikutaka kulala bila kukujibu. Sisi huku wazima. Vuli imeanza, barabara za Ngamiani zina madimbwi, na mdogo wako amehamishia baiskeli yako sebuleni isilowe.

Unasema ulikwenda na wenzako kusikiliza okestra, na walipofika sehemu ya pili ya Simfoni ya Tisa ya Dvořák, ile ya polepole iitwayo Largo, machozi yakakutoka, ukainama kujifanya unafunga kamba za viatu. Halafu ukaniuliza kama una kasoro, kwa sababu muziki ule hauna hata neno moja, na aliyeutunga humjui. Huna kasoro, baba. Nitakuandikia kwa kirefu kidogo, maana sehemu hiyo nimeishi nayo tangu kabla hujazaliwa, kwenye kaseti aliyoniachia mwalimu wangu wa kwaya, na sitaki uanze kuukwepa muziki wa namna hiyo kwa ajili ya aibu ya siku moja.

Nota zenyewe ni chache. Zichukue kwa solfa: mi so so, mi re do, re mi so mi re. Nikiwaandikia watoto wa shule ya Jumapili ubaoni, wataimba kabla sijaweka chaki chini. Katika mstari huo wa kwanza fa hakuna wala ti hakuna. Nyimbo nyingi sana za watu duniani, za Afrika zikiwemo, hutembea kwa sauti tano hizo, ndiyo maana ulipousikia uliona kama ulishaujua. Dvořák hakuukopa popote, aliutunga mwenyewe, ila aliujenga kwa matofali ambayo kila mtu anayo kwao.

Lakini kabla ya wimbo kuna kodi zile za mwanzo, yaani nota kadhaa zinazopigwa kwa pamoja. Sehemu ya kwanza ya simfoni imekwisha kwa kishindo, watu wamekaa wima, kisha tromboni na wenzake wa sauti za chini wanaingia taratibu na kukuhamisha, kodi kwa kodi, kutoka ufunguo wa E mpaka ufunguo wa mbali kabisa na ule. Mpiga tuba, lile tarumbeta kubwa la sauti ya chini, yumo humo. Katika simfoni nzima ya dakika kama arobaini, tuba inasikika kwenye Largo peke yake, nota chache sana, na muda wote uliobaki mpigaji ameketi na chombo chake magotini. Huwa namfikiria mtu huyo. Watunzi wengi wangempa kazi nyingine ili asikae bure, lakini Dvořák alitaka uzito ule hapo tu.

Baada ya kodi hizo ndipo linaingia zumari la sauti nene, lile la jamaa ya oboi, likiwa peke yake juu ya fidla zilizozibwa sauti. Na hapo, mwanangu, ndipo kazi ya mwendo wa polepole inapoanza. Muziki wa haraka unakubeba, hukumbuki kitu. Huu unakuacha na nafasi kati ya nota moja na nyingine, na nafasi hiyo haikai wazi, unaijaza wewe kwa lile ulilo nalo moyoni. Watafiti wa Montreal walipima jambo hili mwaka 2011 kwa mashine za kupiga picha ubongo wa watu waliokuwa wakisikiliza muziki waupendao. Waliona kuwa kemikali ya raha, dopamini, hutoka pale kilele kinapofika, lakini pia hutoka kabla, wakati mtu bado anakingojea, tena katika sehemu nyingine ya ubongo. Mimi nasema mtunzi wa Largo ni fundi wa kungojesha.

Linganisha na taarabu ya kwetu. Ulikulia mji uliotoa Black Star na Lucky Star, mji uliomsikiliza Shakila akiimba. Mama anapoinuka pale ukumbini kwenda kumtunza mwimbaji, ameinuka kwa sababu ubeti umemgusa yeye, na ukumbi mzima unajua ni nani na kwa jambo gani. Maneno ndiyo yaliyomchagua. Largo haina ubeti, kwa hiyo haichagui. Pale ulipokaa, aliyekuwa kushoto kwako na aliyekuwa kulia kila mmoja alikuwa na lake, na wewe ukawa na lako, na hakuna aliyeweza kuligundua la mwenzake isipokuwa kwa macho. Nakuhakikishia hukuwa peke yako. Watu walikuwa wakizidiwa na sehemu za polepole tangu zamani: Simfoni ya Saba ya Beethoven ilipopigwa mara ya kwanza Vienna, tarehe 8 Desemba 1813, katika tamasha la kuwachangia askari waliojeruhiwa vitani Hanau, wasikilizaji waliishangilia sehemu ya pili mpaka ikarudiwa palepale.

Sasa nikuambie habari za huyo usiyemjua. Antonín Dvořák alitoka kwao Bohemia, Ucheki ya leo, mwaka 1892 kwenda New York kuongoza chuo cha muziki. Alikwenda na mkewe na watoto wao wawili. Wengine wanne walibaki nyumbani, ng'ambo ya bahari. Na kabla ya hapo, kati ya mwaka 1875 na 1877, alikwisha kuzika watoto watatu. Simfoni hii aliiandika miezi ya mwanzo ya 1893, akiwa bado hajawaona wale wanne. Siku alipoimaliza, tarehe 24 Mei, aliandika kwenye ukurasa wa mwisho wa nota kumshukuru Mungu, na papo hapo akaongeza kuwa watoto wamefika Southampton, simu ya maandishi imekuja. Mimi mama mwenye mtoto Ulaya nikisoma hilo sihitaji mtu wa kunifafanulia Largo. Yeye mwenyewe alisema sehemu hiyo inahusiana na shairi la Longfellow, mshairi wa Marekani, juu ya shujaa Hiawatha, na sina sababu ya kumbishia. Lakini mtu akiandika polepole namna ile, watoto wake wakiwa mbali namna ile, kitu huingia kwenye wino.

Kuna kijana mwingine ambaye sipendi asahauliwe. Harry Burleigh, mwanafunzi Mweusi wa chuo hicho, alikuwa akimwimbia Dvořák nyimbo za kiroho za watu waliokuwa watumwa, nyimbo alizofundishwa na babu yake aliyezaliwa utumwani. Dvořák alimwomba aimbe tena na tena. Mwaka 1922 mwanafunzi mwingine wa Dvořák, William Arms Fisher, akautilia wimbo wa Largo maneno juu ya kurudi nyumbani, na tangu hapo watu wengi wakadhani ni wimbo wa kale wa watumwa. Si wa kale, lakini wanaodhani hivyo hawajapotea sana, kwa sababu sauti ya Burleigh ilikuwa ndani ya masikio ya aliyeutunga.

Nije kwenye mahali ulipolia. Hukunitajia, lakini nadhani ni karibu na mwisho. Wimbo unarudi, safari hii kwa wapigaji wachache tu wa fidla na wenzake, na hawaumalizi. Wanapiga kidogo, wananyamaza. Wanaanza tena, wananyamaza tena katikati ya mstari, kama msemaji wa msibani anapofika kwenye jina la marehemu. Kisha wanapata nguvu na kuumaliza. Kimya kile kimeandikwa kwenye karatasi. Dvořák alijua kuwa mtu aliyevumilia nota zote atashindwa hapo.

Unasema hukuwa unamfikiria Bibi, alikuja tu, amekaa kwenye mkeka wake anachambua mchele. Baba, tulimzika Bibi yako wewe ukiwa huko. Ulinipigia simu kila siku ya msiba, ukauliza jeneza limenunuliwa wapi, wageni wamelala wapi, deni la turubai limelipwa au bado. Ulifanya kama mwanamume mkubwa na nilikushukuru. Lakini hukulia, nilikusikia hukulia, na nikanyamaza. Hata mimi mwenyewe siku zile machozi yalikuwa machache, mfiwa ana shughuli nyingi kuliko watu wanavyofikiri. Yangu yalinijia baadaye, kwenye muziki huohuo unaoniuliza. Siwezi kukuambia kuwa ndicho kilichokupata, moyo wako unaujua wewe. Ila kama ndicho, mshukuru Dvořák, na siku nyingine usiiname.

Wala usidhani muziki wenyewe ni wa huzuni. Hapo Köln unapoishi, katika ukumbi wa Gürzenich, tarehe 18 Oktoba 1904, Gustav Mahler aliongoza Simfoni yake ya Tano kwa mara ya kwanza. Sehemu ya nne, Adagietto, inapigwa na fidla na jamaa zake pamoja na kinubi, vyombo vingine vyote vikiwa kimya. Kondakta Willem Mengelberg, aliyekuwa rafiki wa Mahler, aliandika kwenye nota zake kuwa Adagietto ilikuwa barua ya mapenzi kwa Alma, ambaye Mahler alimwoa mwaka 1902. Muziki huohuo Leonard Bernstein aliuongoza kanisani New York tarehe 8 Juni 1968, kwenye maziko ya Robert Kennedy, na sasa watu wengi wakiusikia hufikiria kifo. Nota hazikubadilika hata moja. Kilichobadilika ni mwendo: Mengelberg aliurekodi mwaka 1926 kwa takribani dakika saba, na wako waliokuja baadaye wakauvuta hadi zaidi ya dakika kumi na mbili. Usikilize kwa mwendo wa Mengelberg utamwona mtu anayechumbia. Mimi naupenda hivyo, ingawa najua wengi wanapenda ule mzito.

Ombi langu kwako ni kwamba usiisikilize Largo ikiwa imekatwa peke yake. Mtandaoni wamejaza mikusanyo ya sehemu za polepole, zimepangwa moja baada ya nyingine za kulalia usingizi, na jambo hilo linaniudhi sana. Sehemu ya polepole ina nguvu kwa sababu ya iliyotangulia na ya zinazofuata. Katikati ya Largo yenyewe wimbo wa sehemu ya kwanza unarudi ghafla kwa nguvu zote za tromboni, na kama hukuusikia kule mwanzo hutaelewa kwa nini unashtuka. Na sehemu ya mwisho, katikati ya vurugu zote, utausikia tena ule mi so so. Hapo ndipo utajua kuwa haukuachwa nyuma.

Sasa nina kazi yako. Nimeamua kuipangia kwaya Largo hii kwa sauti nne, bila maneno, midomo imefumbwa, tuiimbe kwenye ibada ya kumkumbuka Bibi mwezi wa pili. Wapo wanaotaka nitie maneno ili washarika waelewe. Nimekataa. Kila mmoja wao ana mtu wake aliyemzika, ataelewa.

Sauti tatu za juu nimezimaliza. Kinachonisumbua ni kodi ya mwisho. Nasikia ni dabo besi peke yake, zile fidla kubwa kabisa, zimegawanywa sauti nne, lakini kwenye simu siwezi kuzitenganisha kwa sikio, ziko chini mno. Nenda maktaba ya muziki hapo, uombe nota kamili za okestra, unipigie picha ukurasa wa mwisho wa Largo. Besi nilionao ni watatu, na mmoja ni fundi baiskeli anayefika mazoezi yakiwa nusu, kwa hiyo lazima nijue nota ipi nimpe tena aishike, au kama utakuwa umefika likizo, nikuwekee wewe. Mazoezi ni Jumamosi saa kumi. Nitumie kabla ya hapo.

Mama yako.