Risala ya Wakufunzi wa Mifumo ya Kibenki kwa Mgeni Rasmi, Mahafali ya Kozi ya TEHAMA, Tanga

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Viongozi wa meza kuu, wazazi na wahitimu,
Assalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo.

Karibu Tanga. Tunaomba tukueleze walichosomea vijana hawa: namna benki zinavyorekebisha mifumo yao kwa ajili ya benki huria, yaani mteja kuruhusu programu nyingine isome akaunti yake au ilipe kwa niaba yake.

Ulaya na Uingereza walianza Januari 2018, kwa kuzibana benki kisheria. Kwetu, mfumo wa malipo wa Benki Kuu uitwao TIPS tayari unahamisha fedha papo kwa papo kati ya benki na mitandao ya simu, na tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.

Mheshimiwa, kuandika API, yaani njia ya programu moja kuongea na nyingine, si kazi kubwa. Kazi iko nyuma yake. Mifumo mikuu mingi ya benki, inayotunza akaunti, ilijengwa kwa ajili ya kaunta. Usiku inafunga hesabu za siku, na programu ya nje ikiuliza salio saa hiyo hupata la zamani au hukosa jibu. Kwa hiyo benki makini huweka hifadhidata ya kusomea pembeni, inayopokea kila muamala unapoingia, ili maswali yasiuelemee mfumo mkuu.

Chukua mfugaji wa Muheza anayeomba mkopo. Akibonyeza “ruhusu” kwenye programu ya mkopeshaji, anahamishiwa kwenye programu ya benki yake, anaingiza nywila humo humo, kisha anaonyeshwa nani anaomba, anaomba nini na kwa muda gani. Akikubali, mkopeshaji anapewa tokeni, yaani kibali cha kidijitali, ya kusoma miamala ya miezi 6 tu. Tokeni hiyo haihamishi hata senti. Programu yoyote inayomtaka aiandikie nywila ya benki, aikatae.

Panapoharibika sana ni kwenye malipo. Mtandao unasuasua, jibu linachelewa, programu inatuma ombi upya, na mteja anakatwa shilingi 50,000 mara mbili. Dawa yake ni kila ombi kubeba namba yake ya pekee. Ikijirudia, benki inarudisha jibu lile lile bila kukata tena. Kasoro nyingine ni mteja kufuta ridhaa, lakini tokeni ikaendelea kukubaliwa. Tunawafundisha vijana kuipa tokeni umri wa dakika chache, na lango la API kukagua daftari la ridhaa kwa kila ombi. Inaongeza mzigo kwenye seva, lakini hapo hatukubali njia ya mkato.

Mheshimiwa, tunakuomba utufikishie mawili. Benki zote zitumie kiwango kimoja cha API, maana sasa kijana akiunganisha benki tatu anaandika kazi ileile mara tatu. Pili, zifungue mazingira ya majaribio yenye akaunti za kubuni, ili wahitimu wa Tanga wajaribu bila kugusa fedha za mtu.

Tunaomba kuwasilisha.