Wazazi waliowaficha mabinti wakati wa chanjo waelezwe, wasitozwe faini

Ndugu Mhariri,

Nilisoma katika ukurasa huu barua ya msomaji aliyetaka wazazi waliowazuia mabinti zao kuchanjwa dhidi ya saratani ya mlango wa kizazi wapelekwe kwa mtendaji wa kata na kutozwa faini. Aliwaita wajinga. Binti yangu ana miaka 13 na alichanjwa, tena kwa ridhaa yangu, kwa hiyo sijitetei. Ila wanawake anaowasema nawafahamu. Mimi ni mama lishe, wengine wanakula kwangu kila siku, na mmoja anakaanga chapati jiko la pili kutoka langu hapa stendi ya Makambako. Anajua hesabu ya unga, mafuta na mkaa kuliko watu wengi waliosoma.

Habari yenyewe ilitufikia hivi. Ijumaa binti alirudi na karatasi nusu ukurasa. Ilisema wiki ya Aprili 22 hadi 26, 2024 wasichana wa miaka 9 hadi 14 watachanjwa, dozi moja. Muhuri ulikuwepo. Maelezo ya chanjo inafanya nini hayakuwepo, wala mtu wa kuulizwa. Kufika Jumapili simu zilikuwa zimeshajaa: sauti ya mwanamke asiyejitaja, analia, anasema wamekuja kufunga vizazi vya watoto wetu, na picha ya msichana aliyelala chini, haijulikani ni wapi wala mwaka gani. Serikali ilitupa mistari sita, sauti ile ilitupa dakika nne. Mwenye hofu atasikiliza ipi?

Baba watoto ni dereva wa lori, anapeleka mizigo Lubumbashi. Sauti ileile ilimfikia akiwa kwenye foleni Tunduma, madereva wenzake walimrushia. Akanipigia usiku.

"Mama watoto, wiki hiyo mtoto asiende shule."

Nikamuuliza kwa nini. Akasema, kama ni kitu kizuri, mbona wasichana tu? Na mbona bure? Maswali mazuri yale, na mimi sikuwa na la kumjibu.

Sasa wanaotushangaa wakumbuke mwaka 2021. Januari, Rais Magufuli akiwa Chato alitutahadharisha hadharani na chanjo za korona zilizotoka nje. Tukajifukiza nyungu. Hapa stendi ilifika mahali tangawizi na malimau vinagombaniwa. Machi akafariki. Julai 28 mwaka huohuo Rais Samia akachomwa sindano mbele ya kamera, siku chache tu baada ya kupokewa dozi zaidi ya milioni moja za Janssen kupitia Covax, mpango wa dunia wa kugawana chanjo. Miezi sita kati ya usichanje na uchanje! Agosti ikawa Mbunge wa Kawe, ambaye ni askofu, anahubiri dhidi ya chanjo, na Waziri wa Afya anaagiza akamatwe ahojiwe. Wote wawili wanaitwa Gwajima, na wakati ule wote walikuwa chama kimoja. Wateja wangu walikuwa wanauliza kama ni mtu na mkewe.

Watu walibadilishiwa maelekezo wakaachwa wajijazie sababu wenyewe. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na mwaka 2024 tulipoona sanduku la chanjo shuleni tulishtuka. Mama mmoja alisema hapa mezani kwangu, "Ile ya korona iliwashinda kwa watu wazima, sasa wameanza na watoto." Chanjo ya korona ilipoletwa kwetu ilikuwa ya wenye miaka 18 kwenda juu, lakini hilo yeye hakuwahi kuelezwa na mtu.

Na wala si sisi tu. Mdogo wangu yuko Uingereza, analea wazee, na mwaka 2021 alikuwa na kijana wa miaka 13. Septemba 3 kamati yao ya wataalamu wa chanjo ilisema kwa watoto wenye afya wa miaka 12 hadi 15 faida ya chanjo ya korona ipo lakini ni ndogo mno kuipendekeza kwa wote. Siku kumi baadaye waganga wakuu wanne wa nchi ile wakasema wapewe dozi moja, wakihesabu pia masomo yanayopotea. Kilichowafanya wasite ni uvimbe wa misuli ya moyo, ambao ulitokea kwa nadra baada ya sindano, zaidi kwa wavulana. Mdogo wangu na mumewe walibishana sana. Waliletewa karatasi ya maelezo, wakapewa na namba ya kupiga kuuliza. Mwishowe mtoto akachanjwa, lakini wangeamua vingine wasingepelekwa kwa mtu yeyote.

Mimi jibu langu nililifuata kituo cha afya, Jumatatu, baada ya wateja wa chai kupungua. Nesi mmoja, mtu mzima, alinikalisha kwenye benchi la wajawazito akanieleza bila haraka. Nilichoondoka nacho ni kwamba maamuzi haya mawili hayafanani hata kidogo. Korona watoto wengi iliwapita kama mafua, ndiyo maana wazazi wa kule walikuwa wanapima faida ndogo na hatari ndogo. Saratani hii inamkuta mwanamke ana miaka arobaini na watoto wanamtegemea, lakini muda wa kuizuia ni sasa, kabla hajakutana na mwanaume. Kirusi chake kinaitwa HPV. Kina aina nyingi, na aina mbili tu, ya 16 na ya 18, ndizo zinazoleta kama asilimia 70 ya saratani hizo. Chanjo haina kirusi hai ndani yake. Na aliyekwisha ambukizwa haimtibu, kwa hiyo ukisubiri binti akue aamue mwenyewe, huenda umechelewa.

Kuhusu wasichana tu, alisema Australia na Uingereza wavulana nao wanachanjwa. Huku kwetu wameanza na wenye mlango wa kizazi, kwa kuwa dozi duniani zilikuwa hazitoshi. Kuhusu bure akacheka. "Surua na polio ulilipia shilingi ngapi?"

Tena si kitu cha jana. Nchi nzima ilianza Aprili 2018, kwa wasichana wa miaka 14, dozi mbili. Ninayo shahidi: binti anayeniletea mchicha alichanjwa wakati ule akiwa shule, leo ni mtu mzima na ana mtoto mgongoni. Wenzangu wa stendi niliwaeleza kuhusu virusi wakapiga miayo. Nilipowaonyesha yule mtoto mgongoni wakaanza kuuliza maswali.

Hii ya kutoka dozi mbili kwenda moja ilinitia shaka mimi mwenyewe, nikadhani wanabana matumizi. Kumbe sehemu ya ushahidi imetoka hapahapa nchini. Wasichana 930 wa Mwanza, wa miaka 9 hadi 14, walifuatiliwa na watafiti wa NIMR, taasisi yetu ya utafiti wa magonjwa, na wenzao wa London, na dozi moja ikaonekana kuuamsha mwili wa karibu wote. Kenya nao walifuatilia wasichana wa miaka 15 hadi 20, wakaona dozi moja inakinga. Najua wapo watakaosema, umeona, wanatujaribia. Ndiyo, walijaribu, na wazazi waliridhia. Ningekasirika zaidi kama wangetuletea kitu kilichopimwa kwa watoto wa Ulaya peke yao.

Kuna jambo karatasi ile ya shule ilipaswa kulisema kwetu kabla ya mkoa mwingine wowote. Utafiti wa VVU wa 2022 na 2023 uliuweka mkoa wetu wa Njombe wa kwanza kwa maambukizi, asilimia 12.7 ya watu wazima, Iringa 11.1, Mbeya 9.6, wakati taifa ni 4.4. Shirika la Afya Duniani linasema mwanamke mwenye VVU anaweza kupata saratani ya mlango wa kizazi mara sita zaidi ya asiye navyo. Kila ukoo hapa una mtu anayetumia dawa. Watu wanaolijua hilo wangekuja kutueleza na gari la matangazo, kama wanavyokuja siku za kampeni.

Mama yangu mdogo, wa Wanging'ombe, aliugua ugonjwa huu. Alianza kutokwa damu, zahanati moja ikawa inamtibu UTI, dawa baada ya dawa, bila kumpima kwa ile njia ya kupaka siki ambayo ni ya dakika chache. Alipofika hospitali kubwa akaambiwa mionzi iko hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam. Aliuza shamba lake la miti ya paini ikiwa bado michanga, kwa bei ambayo mnunuzi mwenyewe aliona haya kuitaja. Alikaa Mbagala kwa ndugu, anapanda daladala akiwa na maumivu yale. Tulimzika mwaka 2019. Sikuandika barua hii kwa ajili yake, ila msiulize nilipata wapi nguvu ya kubishana na baba watoto.

Liko na lile linalotutia aibu. Ukimwambia mzazi kwamba kirusi kinapita kwa kujamiiana na sindano ni ya mtoto wa miaka 9, anasikia unamwambia mwanao ataanza mapema. Yule wa chapati aliniambia waziwazi, "Nikimchanja ni kama nimempa ruhusa." Hakuna karatasi itakayomjibu hilo. Sisi mambo haya yalikuwa ya shangazi na bibi, na siku hizi shangazi yuko Dar. Nilimwambia binti zetu wataolewa siku moja, na mume anaweza kuja na kirusi hata kama bibi harusi ni mtoto wa mchungaji. Alinyamaza. Binti yake hakuchanjwa wiki ile, alipelekwa kwa bibi yake Lupembe.

Huyo ndiye msomaji wenu anataka atozwe faini. Mkimtoza, mtakuwa mmeithibitisha sauti ya WhatsApp. Atasema aliambiwa watamlazimisha, na kweli wamemlazimisha. Bibi wa Lupembe naye ataamini, na safari nyingine watafichwa hata watoto wa chanjo ya surua.

Baba watoto alikubali vipi? Nilimpigia nikiwa kituo cha afya nikampa nesi simu. Walizungumza mpaka vocha yangu ikakata, yeye akapiga. Aliuliza yote aliyoniuliza mimi, halafu akauliza kama mtoto atapata homa. Nesi akamwambia mkono utauma, homa kidogo inawezekana, na wengine huzimia kwa kuogopa sindano, kwa hiyo wanakalishwa kwanza. Akasema sawa. Baadaye nikasikia amewaambia na wenzake wa foleni. Mkono ulimuuma kweli binti, akaitumia nafasi hiyo kukataa kuchota maji.

Lakini nesi mmoja hawezi kupokea simu za madereva wote wa barabara ya Tunduma. Walitaka kuchanja wasichana karibu milioni tano nchi nzima kwa wiki moja. Kazi hiyo ingeanza na mikutano ya wazazi miezi miwili kabla, saa ambazo mama lishe na muuza mbao wanaweza kufika, na baba wakiwemo, maana wengi walioficha watoto walitumwa na baba kwa simu. Wachungaji na mapadri nao waelezwe mapema, wasikutane na habari hizi Jumapili pamoja na waumini wao.

Waliokosa, nesi ameniambia wapelekwe kituo cha afya. Shule yetu ina mkutano wa wazazi Julai. Nimemwomba mwalimu mkuu amwalike nesi, akasema lazima ombi lipitie kamati ya shule, inayokaa mwisho wa mwezi huu. Nesi mwenyewe yuko tayari kuja hata bila posho. Anachohitaji ni ruhusa ya maandishi kutoka halmashauri, na hiyo ndiyo naiomba kupitia gazeti lenu.

Mama lishe,
Stendi ya Makambako, Njombe