Barua kwa Rafiki Anayeanza Old School RuneScape

Mpendwa rafiki yangu,

Salamu nyingi sana, na natumaini u mzima kama nilivyo mimi. Barua yako niliipata, na nilipofika pale ulipoandika kwamba umeshafungua akaunti ya mchezo wa mtandaoni wa Old School RuneScape nilicheka peke yangu, kwa sababu ni wewe huyo huyo uliyenisimanga miaka yote hii kwamba nakesha nikimtazama mtu wa kuchorwa akikata miti. Karibu sana. Umeniuliza stadi ipi uanze kuikuza, iwapo ulipie uanachama mara moja, na iwapo naweza kukukopesha sarafu za kununulia upanga mzuri. Nitakujibu yote, ingawa la tatu, ambalo najua ndilo unalolingoja kwa hamu, nimeliacha mwisho kwa makusudi.

Kwanza hakikisha umeingia mlango uliokusudia. Kampuni ya Jagex ilianzisha RuneScape mwezi Januari 2001, na tangu hapo mchezo huo umebadilika mno. Mwaka 2013, baada ya wachezaji kupiga kura, kampuni ilifungua mchezo wa pili uliojengwa juu ya nakala iliyohifadhiwa ya Agosti 2007, na huo ndio unaoitwa Old School. Yote miwili ipo hadi leo, lakini mhusika uliyemkuza katika mmoja hahamii katika mwingine, na nimemwona mtu akicheza wiki nzima upande mmoja huku rafiki zake wakimsubiri upande wa pili.

Utaanzia kwenye kisiwa cha mafunzo, ambako utafundishwa kuvua, kuchimba madini, kupika na kupigana, na ukishaondoka huwezi kukirudia, kwa hiyo usibonyeze tu ili umalize. Ukitoka huko utajikuta katika mji wa Lumbridge, mbele ya ngome, na begi lako litakuwa na vikorokoro vingi: shoka la shaba, wavu mdogo, mishale, ndoo, chungu. Begi lina nafasi 28 pekee, na wageni wengi huona ndoo na chungu ni takataka wakavitupa chini dakika ya kwanza. Usivitupe. Ingia ndani ya ngome, nenda jikoni, ukaongee na mpishi, ambaye utamkuta amechanganyikiwa kwa sababu ni siku ya kuzaliwa kwa mtawala na yeye amesahau kuandaa vitu vya keki. Anahitaji yai, maziwa na unga.

Misheni hii ni ndogo na malipo yake hayatakutajirisha: miongoni mwake ni pointi moja ya misheni na pointi 300 za uzoefu wa upishi. Hata hivyo, sijaona njia bora ya kumfundisha mtu namna dunia hii inavyofanya kazi. Yai utaliokota kwenye banda la kuku. Maziwa utamkamua ng'ombe kwa ile ndoo uliyotaka kuitupa, na si kila ng'ombe anakamuliwa, itabidi umtafute wa maziwa. Kwa unga utachuma ngano shambani, upande hadi ghorofa ya juu kabisa ya kinu cha upepo, uimimine ngano kwenye mdomo wa kinu, uvute wenzo, kisha ushuke hadi chini, na hapo utauona unga umerundikana ukingoja chungu chako. Mara ya kwanza mimi nilivuta wenzo na kubaki nimesimama kule juu, nikidhani mchezo umeharibika. Hakuna aliyekuwa amenieleza kwamba unga huteremka, nami sikufikiria jambo ambalo mtu yeyote aliyewahi kuona kinu angelifikiria.

Ndiyo maana swali lako la stadi ipi uanze nayo sitalijibu kwa kukutajia moja. Stadi hapa zinashikana mikono. Chukua kuku wa Lumbridge, ambao ni dhaifu kiasi kwamba hata upanga wa shaba unawatosha. Ukiwapiga utakuza mapigano, na kila mmoja anaweza kukuachia manyoya. Usiyadharau, kwa sababu ukifika leveli 20 ya uvuvi, fimbo ya kuvulia iitwayo fly fishing rod pamoja na manyoya hayo vitakuwezesha kuvua samaki aina ya trauti kwenye mto unaopita karibu na kijiji cha Barbarian Village. Trauti mmoja aliyepikwa hukurudishia pointi 7 za uhai, wakati kamba wadogo utakaoanza nao hukurudishia 3 tu. Kwa mtu aliyeanza na pointi 10 za uhai, tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama atarudi nyumbani kwa miguu yake. Basi aliyeua kuku huku akiyaacha manyoya chini atakuja kuyanunua baadaye, nami nilikuwa mmoja wao.

Kuhusu mwendo, nakuomba uzitazame namba hizi kabla hujaanza kushindana na mtu. Kutoka leveli ya 1 hadi ya 2 unahitaji pointi 83 za uzoefu, jambo la dakika chache. Leveli ya 99 inahitaji pointi 13,034,431. Nusu ya safari hiyo haiko leveli ya 50, kama akili inavyotaka kuamini, bali iko leveli ya 92, ambayo inadai pointi 6,517,253. Kwa hiyo leveli saba za mwisho zinakula muda sawa na zile 92 zote zilizotangulia, ukizifanya kwa kasi ile ile. Nakwambia haya kwa sababu utakutana na watu watakaokushauri usimame mahali pamoja ukate miti saa kumi mfululizo ili uwe na kitu cha kuonyesha. Huko mwanzoni hiyo ni hasara tupu, kwani misheni zitakupandisha haraka kuliko shoka, na zitakutembeza mahali ambapo shoka halikufikishi.

Mfano mzuri ni misheni ya Waterfall Quest, ambayo ni ya wanachama wanaolipia. Haidai leveli yoyote ya stadi, lakini ukiimaliza unapewa pointi 13,750 za kushambulia na nyingine kama hizo za nguvu, yaani aliyeingia akiwa leveli ya 1 katika stadi hizo mbili anatoka akiwa leveli ya 30. Ila hupewi bure. Kuna kaburi ambalo huruhusiwi kuingia na silaha wala vazi la chuma, na kuna majitu ya moto ambayo huna ubavu wa kupigana nayo, hivyo unapita mbio huku unakula chakula chako na kuomba Mungu. Niliifanya nikiwa mchanga kabisa, mikono ikinitetemeka kwenye kipanya, na hadi leo hakuna leveli niliyoipata baadaye iliyonifurahisha kama zile.

Hapo nimeshaligusa swali lako la uanachama. Usilipie bado. Sehemu ya bure ina stadi 15, misheni za kutosha na nafasi pana ya kukosea. Kaa huko hadi ufike mahali ambapo kila unalotaka kulifanya linakuambia ni la wanachama, ndipo ulipie, kwa kuwa wakati huo utakuwa unajua unanunua nini. Ukitaka kipimo, jiwekee lengo la misheni ya Dragon Slayer, ambayo ni ya bure ila inadai kwanza pointi 32 za misheni. Mwisho wake kuna joka liitwalo Elvarg, na ukimuua unaruhusiwa kuvaa vazi la kifua la rune, moja ya madini ya mchezo huu, lililo miongoni mwa mavazi bora ya upande wa bure. Anayempiga joka yule kwa jasho lake hahitaji tena ushauri wangu.

Kwenye mapigano nina machache tu. Kila silaha ina mitindo ya kupigana, na mtindo unaouchagua ndio unaoamua ni stadi ipi inakua: wa usahihi hukuza kushambulia, wa ukali hukuza nguvu, wa kujihami hukuza ulinzi. Wageni wengi hawaoni kitufe hicho hadi wiki ya pili, wakashangaa kwa nini stadi moja tu inapanda. Pia pendelea kitara kuliko upanga mrefu. Mchezo huu huenda kwa mapigo ya sekunde 0.6. Kitara hupiga kila baada ya mapigo manne, yaani sekunde 2.4, na upanga mrefu kila baada ya mapigo matano, yaani sekunde 3, hata kama vimefuliwa kwa madini yale yale. Usiharakie silaha usiyoifikia, maana ya mithril inadai leveli 20 ya kushambulia, ya adamant 30 na ya rune 40, na pesa haziwezi kukurusha juu ya masharti hayo.

Sasa jambo ambalo lingenisaidia sana laiti mtu angeniandikia mimi barua kama hii. Kaskazini ya ramani kuna nchi iitwayo Wilderness, na mpaka wake ni mtaro tu unaourukia. Ukiuvuka, wachezaji wengine wanaweza kukuua na kuchukua mali yako. Kadiri unavyokwenda kaskazini ndivyo namba ya Wilderness inavyopanda, nayo ndiyo tofauti ya leveli za mapigano inayoruhusiwa: kwenye namba 14, mtu aliyekuzidi leveli 14 anaweza kukurukia. Ukipita namba 20, njia nyingi za kujirusha mbali kwa uchawi hazifanyi kazi tena.

Nilikuwa nimekusanya sarafu zangu kwa miezi mitatu nikiuza ngozi za ng'ombe, na mwilini nilivaa adamant kuanzia kichwani hadi miguuni, mkononi nina kitara cha rune. Mchezaji mmoja akanisogelea mjini Varrock, akaisifu bidii yangu, akasema anaacha mchezo na anataka kugawa mali yake kwa watu wastaarabu. Tukaongea karibu saa nzima. Alinieleza habari za mitihani yake, akaniuliza na zangu. Kisha akaniambia nije na sarafu zangu zote, kwa kuwa atanirudishia mara mbili, lakini si pale penye watu wengi, bali juu kidogo, ng'ambo ya mtaro. Hakunigusa hata kidogo. Mwenzake ndiye aliyetokea nyuma ya miti iliyokufa, nami nikafa kabla sijamaliza samaki wa pili.

Ukiuawa namna hiyo unabaki na vitu vitatu vya thamani kubwa zaidi, na mengine ni ya aliyekuua. Ukiwa wewe ndiye uliyeanza kumshambulia mtu, unawekewa alama ya fuvu kichwani na hubaki na chochote. Mimi nilibaki na kitara, vazi la kifua na la miguu. Kila sarafu huhesabiwa kama kitu kimoja kimoja, kwa hiyo zote zilikwenda. Kwingineko, ukiuawa na wanyama au majitu, vitu vyako hukungoja kaburini kwa dakika 15 ukimbie kuvichukua, lakini Wilderness haina huruma hiyo mbele ya mchezaji. Tangu siku ile, kabla ya kuvuka mtaro, hupita benki kwanza na kuacha kila ambacho kingeniuma.

Kilichoniuma zaidi ya sarafu ni ile saa nzima ya mazungumzo. Basi yeyote atakayekuahidi kuziongeza sarafu zako, au kulinakshi vazi lako kwa dhahabu, jua anakuibia, kwani hakuna mchezaji mwenye uwezo wa kunakshi mavazi, na yaliyonakshiwa hupatikana kwa kufuata vidokezo vya hazina. Hakuna mfanyakazi wa mchezo atakayekuomba neno la siri. Wekea akaunti uthibitisho wa hatua mbili leo hii, na benki yako namba ya siri ya tarakimu nne. Usinunue sarafu kwa pesa halisi, hata ukichoka vipi, kwa sababu akaunti hufungwa kwa kosa hilo.

Nimefika kwenye mkopo. Hapana, ndugu yangu. Naweza, na nilifungua benki yangu mara mbili nikazitazama sarafu hizo, lakini upanga unaoutaka huwezi kuushika kabla ya leveli 40 ya kushambulia, na sarafu ukiwa leveli ya 3 ya mapigano zitakufanya tu windo la watu kama yule wangu wa Varrock. Badala yake nimekupikia samaki 20 wa kukutosha hadi utakapovua wako. Jumamosi saa mbili usiku nitakuwa nimesimama kwenye ua wa ngome ya Lumbridge, nimevaa kofia ya mpishi ili unitambue. Nenda kwa kuku na kwa ng'ombe wa maziwa kabla hatujaonana, nami nitakusindikiza kinuni. Ila wenzo utauvuta mwenyewe, na chungu nakuomba usikisahau.

Ni mimi rafiki yako wa siku zote.