Kijiji cha Ogimachi si picha ya theluji pekee

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji niseme machache kuhusu picha ya kijiji cha Ogimachi, kilichomo katika bonde la Shirakawa nchini Japani, ambayo gazeti lako liliichapisha majuzi katika safu ya safari. Sina ugomvi na picha. Mapaa yaliyobeba theluji, taa za manjano madirishani na milima iliyosimama nyuma kama pazia ni mambo ambayo hata mimi niliyapiga picha nyingi kuliko nilivyohitaji. Ugomvi wangu ni na maelezo yaliyowekwa chini yake, yaliyowaambia wasomaji kwamba kijiji hicho ni cha kwenda kuona wakati wa baridi tu, na kwamba anayekwenda majira mengine atakuta nyumba za nyasi na mashamba ya mpunga, vitu alivyokwisha kuviona nyumbani. Nilikwenda Ogimachi mara mbili ndani ya mwaka mmoja nilipokuwa nikisoma Nagoya, mara ya kwanza Februari na mara ya pili mwishoni mwa Julai, na ni hizo nyumba za nyasi na hayo mashamba ya mpunga yaliyonifanya nielewe kile nilichokuwa nimekipiga picha Februari bila kukijua.

Nianze na Februari, maana sitaki kudhaniwa kwamba naidharau. Lugha yetu ina neno kipupwe, lakini kipupwe tunachokijua sisi ni cha shuka ya pili usiku na chai ya moto asubuhi. Baridi ya Shirakawa ni ya namna nyingine kabisa. Pepo zinazotoka upande wa Siberia hupita juu ya Bahari ya Japani zikijaa unyevu, na zikifika kwenye milima inayouzunguka mlima Hakusan huumwaga unyevu huo kama theluji, ambayo huweza kulimbikana ardhini kupita mita 2. Basi kutoka mji wa Takayama huchukua kama dakika 50, sehemu kubwa ikiwa ndani ya mahandaki, hata unapotoka kwenye handaki la mwisho unahisi umetolewa gizani ukamulikwa kwa taa. Nilipoteremka nilisikia kimya kwanza, kisha kishindo: bonge la theluji lilikuwa limeporomoka kutoka kwenye paa la nyumba ya jirani na kituo. Mzee mmoja aliyeshika koleo alinipungia mkono kwa hasira nitoke chini ya ukingo wa paa nililokuwa nimesimama nikilishangaa, na sikuhitaji mkalimani.

Njia ya miguu ya kupandia mahali pa kutazamia kijiji hufungwa wakati wa theluji, kwa hiyo nilipanda kwa basi dogo pamoja na wageni wengine. Kutoka juu niliona kwamba karibu nyumba zote zimeelekea upande mmoja, kana kwamba kijiji kizima kimesimama safu kikisubiri amri. Niliona pia vibanda vidogo vya mbao vilivyotapakaa kati ya nyumba, vimefunikwa theluji hadi shingoni, nikamweleza mwenzangu kwa uhakika wa mtu asiyejua kitu kwamba bila shaka hayo ni madhabahu ya miungu yao. Nikarudi Nagoya jioni hiyohiyo nikiwa na picha mia tatu na ujinga wangu wote ukiwa salama.

Julai nilirudi, nikalala usiku mmoja katika nyumba ya wageni yenye paa la nyasi, na mwenye nyumba, mzee wa maneno machache, alinipandisha ngazi hadi darini. Hapo ndipo ningependa kila msomaji anayepanga safari hiyo asimame japo dakika kumi. Mtindo wa nyumba hizi huitwa gassho-zukuri, yaani ujenzi wa viganja viwili vilivyounganishwa kwa sala, kwa sababu paa huteremka kwa mwinamo mkali wa takriban nyuzi 60 kutoka kwenye mgongo wake hadi karibu na ardhi. Ukiwa chini huoni zaidi ya umbo. Ukiwa darini unaona kwamba makombamoyo yale makubwa hayakupigiliwa misumari, bali yamefungwa kwa kamba za majani na kwa vijiti vibichi vilivyosokotwa, ambavyo vikikauka hukaza kuliko kamba yoyote. Unaona pia kwamba ncha ya chini ya kila kombamoyo imechongwa kama ncha ya penseli na kukaa katika tundu la boriti, ili paa likisukumwa na upepo au kulemewa na theluji liweze kucheza kidogo badala ya kuvunjika. Mzee alishika kamba moja akaitikisa, akacheka, kisha akanionyesha boriti iliyopinda upande mmoja kama goti. Miti ya milimani, alinieleza, hulazwa na theluji ingali michanga, ikanyanyuka tena kila msimu, hata shina likapinda karibu na mizizi; na mafundi wa zamani waliichagua miti hiyo makusudi, kwa kuwa mpindo huo hubeba uzito vizuri. Theluji ile ile inayolielemea paa ndiyo iliyoutengeneza mti unaolibeba.

Kuhusu safu ya nyumba niliyodhani ni urembo, mzee alinionyesha kwa kiganja. Mgongo wa kila paa umelala kaskazini kwa kusini. Upande mmoja wa paa hupata jua la asubuhi na wa pili jua la alasiri, hivyo theluji huyeyuka na nyasi hukauka pande zote mbili kwa kiasi kinachokaribiana, na upepo unaopita bondeni hukutana na upande mwembamba wa nyumba, si ule mpana. Na wale miungu wangu wa vibandani? Ni mizinga ya maji ya kuzimia moto. Kijiji cha nyasi kina adui mmoja mkubwa kuliko theluji, na kila mwaka wakati wa vuli mizinga hiyo hufunguliwa kwa majaribio hata maji yakaruka juu ya mapaa yote kwa pamoja. Februari vibanda hivyo vilikuwa chini ya theluji. Julai milango yake ilikuwa wazi kwa ukaguzi, na mwenzangu, nilipomwandikia, alinicheka kwa haki.

Darini kwenyewe hapakuwa stoo ya vikorokoro. Ghorofa zile za juu, ambazo huwa mbili au tatu chini ya paa moja, zilikuwa mahali pa kufugia viwavi vya hariri, na madirisha makubwa ya kwenye kuta za pembetatu yaliwekwa ili viwavi vipate mwanga na hewa. Bonde hili lina ardhi haba ya kulima mpunga, basi watu walipanda miforosadi, miti ambayo majani yake ndiyo chakula cha viwavi hao, wakafuga viwavi juu, na chini ya sakafu, karibu na meko, wakatengeneza shura. Walichimba shimo, wakalijaza udongo, majani ya porini na vinyesi vya viwavi, wakaacha vioze kwa miaka kadhaa, kisha wakachuja na kuchemsha hadi wakapata shura ya kutengenezea baruti. Ukoo wa Wada, ambao nyumba yao ndiyo kubwa kuliko zote za namna hii kijijini na sehemu yake iko wazi kwa wageni, ulipata utajiri kwa biashara hiyo. Yaani nyumba ambayo maelezo ya picha yenu yaliifanya kama pambo la sikukuu ilikuwa karakana: juu hariri, chini malighafi ya baruti, katikati familia kubwa imezunguka moto. Moto wenyewe ulikuwa ukiwaka hata siku niliyolala, Julai, na joto lote lile. Nilimuuliza mzee kwa nini, akaonyesha juu kwenye weusi unaong'aa kama lami. Moshi hukausha nyasi na kamba, na hufukuza wadudu. Paa lisilopata moshi huoza mapema. Nguo zangu zilinukia moshi hadi Nagoya, na nakiri sikuharakisha kuzifua.

Kuhusu kuezeka, wasomaji wa kwetu wataelewa haraka kuliko Wajapani wengi wa mijini. Paa moja hukaa miaka 30 hadi 40 hivi kabla ya kuezekwa upya, na kazi hiyo familia moja haiiwezi. Hufanywa kwa utaratibu uitwao yui, ambao ni msaragambo hasa: nyasi hukatwa na kukusanywa mapema, kisha siku ikifika watu mia na zaidi, wakati mwingine hata 200, hupanda paani kwa safu na kumaliza upande mmoja kwa siku moja au mbili, huku wanawake wakipika na wazee wakigawa kamba. Anayesaidiwa leo anadaiwa siku yake kesho. Siku hizi vijana wamepungua, serikali hutoa ruzuku na mafundi wa kulipwa hufanya sehemu kubwa ya kazi, lakini yui haijafa. Mambo haya theluji huyafunika. Aliyekwenda Februari ameliona paa kama mtu aonavyo kofia. Nyasi zenyewe, zikiwa bado zimesimama kwenye miteremko zikitikiswa na upepo, huonekana kiangazi.

Lipo jambo jingine lililonikera katika maelezo yale, nalo ni kukiita kijiji hicho makumbusho. Watu wanaishi humo. Katika miaka ya baada ya vita nyumba nyingi za mtindo huu bondeni ziliuzwa, zikabomolewa au zikahamishwa, na ujenzi wa bwawa la Miboro kwenye mto Shogawa, uliokamilika mwaka 1961, ulizamisha vijiji vya upande wa juu. Mwaka 1971 wakazi wa Ogimachi waliunda chama chao na kuweka kanuni tatu: tusiuze, tusikodishe, tusibomoe. Sifa zilikuwa zimetoka nje mapema, kwani msanifu majengo Mjerumani Bruno Taut alifika bondeni mwaka 1935 na kuusifu ujenzi wake, na mwaka 1995 UNESCO iliiandika Shirakawa pamoja na vijiji viwili vya Gokayama, eneo jirani, katika orodha ya Urithi wa Dunia; lakini nyumba zilizosimama leo zimesimama kwa ajili ya kanuni zile tatu. Wakazi wa Shirakawa nzima hawafiki 2,000, na kabla ya mwaka 2020 walikuwa wakipokea wageni zaidi ya milioni 1.5 kwa mwaka. Februari nilimwona mgeni mmoja akisukuma mlango wa nyumba ya watu, akachungulia ndani na kuinua kamera, wakati mama mwenye nyumba amekaa mezani na bakuli lake la supu. Sijitoi katika lawama. Julai mimi mwenyewe nilikanyaga tuta la shamba la mpunga ili nipate picha ya paa likionekana majini, na bibi kizee mmoja akaja taratibu, akaniondoa kwa vidole viwili tu vilivyoshika mkono wa shati langu, kisha akainama na kuubonyeza udongo nilioubomoa. Hakusema neno, na ningependelea angenitukana.

Kwa hiyo, kwa msomaji mwenye uwezo wa safari mbili, aanze na baridi, amalizie na kiangazi. Mwenye uwezo wa safari moja aende mwishoni mwa Julai, mvua za msimu zikishapita, alale kijijini badala ya kurudi na basi la alasiri, kwani mabasi yakiondoka kijiji hurudi kuwa cha wenyewe, na utasikia vyura na mifereji ya maji kuliko sauti za watu. Anayeng'ang'ania Februari ajue kwamba jioni za kuwashwa taa, ambazo ndizo zilizopigwa picha yenu, ni chache sana kati ya Januari na Februari, na tangu mwaka 2019 haziingiliki bila kuweka nafasi mapema. Aliyefika bila nafasi hurudishwa. Achukue viatu visivyoteleza, asisimame chini ya paa, na sigara aiache mfukoni.

Naambatanisha picha niliyoipiga Julai kutoka mahali palepale pa kutazamia, nyumba zilezile, nyasi za paa zikiwa na rangi ya kijivu na mpunga ukiwa umezizunguka hadi kizingitini. Mkipata nafasi ichapisheni kando ya ile ya Februari, na safari hii maelezo ya chini yataje kwamba kile kibanda kidogo upande wa kushoto ni mzinga wa maji.

Wako,
Msomaji wa Morogoro