Shukrani kwa dada wa maabara

Dada, jina lako sikulipata. Mimi ni yule niliyemleta mama na kikopo cha mkojo wa kahawia iliyokolea, nikiamini ni upungufu wa maji tu. Kilikuwa kimekaa dirishani juani tangu alfajiri. Ulikikataa kwa upole, ukanieleza kuwa mwanga huharibu bilirubini, ile rangi ya manjano iliyomo kwenye nyongo, na majibu yangeweza kutudanganya. Ukaomba mkojo mpya, ukaupima papo hapo kwa kijiti cha kupimia mkojo.

Kijiti kilipobadilika rangi, ukauliza swali ambalo hakuna aliyewahi kutuuliza: choo chake kina rangi gani? Kilikuwa kimepauka kama udongo wa mfinyanzi, na mwili ulikuwa ukimwasha usiku kucha. Ulisema bilirubini haitakiwi kuonekana kwenye mkojo, na choo kikipauka huenda nyongo haifiki kwenye utumbo. Hukutaja ugonjwa, maana kijiti peke yake hakiwezi kuutaja. Ulimwendea daktari mwenyewe, damu na altrasaundi vikafanyika siku ileile.

Kilikuwa kijiwe kwenye mrija wa nyongo. Kimetolewa. Macho ya mama yamerudi kuwa meupe, na anakuombea kila siku. Asante sana, dada yangu.