Mtu wa Kisumu tumwite Mkisumu

Mhariri,

Mimi husoma gazeti lenu hapa Kisumu na kuna kitu inanisumbua, kila habari ya huku ni "wakazi wa Kisumu", "mkazi wa Kakamega", na mkazi ni mtu anaishi mahali tu, anaweza kuwa alihamia jana. Sasa yule ambaye kwao ni hapo mnamwitaje?

Nauliza juu Kijaluo kina hilo jina. Mtu wa Kisumu ni jaKisumo, wakiwa wengi joKisumo, na msichana wa Seme akiolewa Gem wataendelea kumwita nyar Seme, yaani binti wa Seme, mpaka azeeke, hata kama watoto wake ni joGem. Ni heshima, inaonyesha amelelewa na watu gani.

Waebrania wako vivyo hivyo. Wanaongeza i mwisho wa jina la mji, mwanamke anapata it, wengi im, kwa hivyo mwanamume wa Tel Aviv ni Telavivi na mwanamke ni Telavivit. Miji mingine jina linakatwa ama sauti zinabadilika, Yerushalayim inatoa Yerushalmi, Gathi inatoa Giti, ndio maana Biblia yetu imeandika Obed-edomu Mgiti. Bethlehemu ndiyo inanifurahisha zaidi, kwao ni maneno mawili, Beit Lehem, na ukitaka kusema yule wa Bethlehemu ile ha yao, ya kuonyesha ni yule anayejulikana, inaingia katikati, Beit ha-Lahmi, ndivyo Yese babake Daudi ameitwa. Mpaka leo kuna familia jina lao ni Yerushalmi, ama Tzfati yaani wa mji wa Safed.

Halafu Ruthu. Ameshahamia Bethlehemu, anaokota masazo kwa shamba la Boazi, na msimamizi akiulizwa huyu ni nani anasema ni Mmoabi. Hata Boazi akimchukua awe mke wake, mbele ya wazee langoni, bado anamtaja Ruthu Mmoabi. Huyo si ni nyar Moabu kabisa, mama yeyote wa Nyanza aliyeolewa mbali na kwao anaelewa hiyo hadithi kabla mhubiri hajafungua mdomo.

Kiswahili nacho kina m- na wa- zake, watu wa Lamu ni Waamu, wa Mvita ni Wamvita, na hakuna anayeshangaa, mbona sisi wa bara tukose? Najua Nakuru kuna watu wanaogopa kuulizwa kwao ni wapi, tangu ile vita ya baada ya uchaguzi wa 2007, na wana haki kuogopa. Lakini jina la mji si la kabila, aliyezaliwa akakulia Nakuru ni Mnakuru, awe Mkikuyu, Mkalenjin, Mluhya ama Mjaluo, na kwangu hiyo ndiyo sababu kubwa ya kulitumia.

Kwa hivyo mhariri, naomba muandike Mkisumu, Mnakuru, Mkakamega kwa mtu ambaye kwao ni hapo, mkazi ibaki ya anayeishi tu, na kama mtu wa Siaya anauza samaki Nakuru muandike ni Msiaya anayeishi Nakuru.

Msomaji wenu,
Kondele, Kisumu